Muuguzi wa hospitali ya umma anayefikiria kwenda kuuguza mgonjwa nyumbani: nianzie wapi?

Muuguzi wa Wodi, Dar es Salaam

Wauguzi wenzangu na wote mnaozifahamu kazi hizi, naomba ushauri wenu kwa jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kwa zaidi ya muongo mmoja nimetumika katika wodi ya magonjwa ya ndani, upande wa wanaume, kwenye hospitali ya umma. Kazi yangu naipenda. Kinachonichosha ni kuuguza kwa kukimbizana, kwa maana zamu ya usiku tunakuwa wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa hadi sakafuni, na mgonjwa wa kiharusi anayepaswa kugeuzwa kila baada ya saa 2 anageuzwa pale tu mikono inapopatikana. Asubuhi ndugu zake wanakuja na uji, wanafunua shuka, wanakuta ngozi ya kwenye kifupa cha mkia imeanza kuwa nyekundu, na maswali yote yanakuja kwangu.

Sasa kuna familia moja ya Mbezi Beach ambayo baba yao alilazwa kwetu kwa kiharusi. Ameruhusiwa, upande wa kulia haufanyi kazi, hawezi kumeza vizuri na hivyo analishwa kwa mpira wa puani, na ana mpira wa mkojo pia. Binti yake mkubwa amenipigia simu akiniomba niache kazi nikamuuguze mzee nyumbani, nilale hukohuko, nirudi kwangu Jumapili. Mshahara wanaoutaja unazidi wangu kwa karibu nusu yake. Nina watoto wawili wa shule ya msingi, na mama yangu ndiye angebaki nao.

Moyo unanivuta, kwa sababu mgonjwa mmoja naweza kumuuguza kama nilivyofundishwa chuoni. Hata hivyo naogopa kuacha ajira ya serikali. Michango yangu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, haijafikisha miezi 180 inayotakiwa ili kupata pensheni, na sijui nikiondoka nitakuwa nimepoteza nini. Naogopa pia nisije nikageuka dada wa kazi mwenye leseni ya uuguzi. Nawaomba mliopita njia hii mnieleze nitazame nini kabla ya kuandika barua.

Nesi wa Majumbani, Dar es Salaam

Dada, karibu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuandika hiyo barua. Mimi niliondoka hospitali ya binafsi na nimekuwa nikiuguza majumbani kwa miaka kadhaa, hasa wagonjwa wa kiharusi, wazee wenye usahaulifu na wagonjwa wa saratani walio katika hatua za mwisho. Nitakueleza kazi yenyewe ilivyo, mambo ya mafao wataeleza wanaoyajua.

Jambo la kwanza ni kwamba usiende ukidhani unakwenda kupumzika. Mgonjwa ni mmoja, ni kweli, ila kila kilichokuwa kinakuzunguka hospitalini kinabaki hospitalini. Hakuna daktari wa zamu wa kumwita saa nane ya usiku, hakuna mwenzako wa kukusaidia kumgeuza mzee mwenye kilo 90, hakuna mfamasia wa kukuuliza mbona dozi hii imepanda. Mpira wa kulishia ukitoka, ni wewe. Kwa hiyo swali langu kwako, kabla ya mshahara, ni hili: daktari wa huyo mzee ni nani, na amekubali kupokea simu yako? Familia nyingi zitakujibu kwamba mzee ana kliniki kila baada ya miezi mitatu. Hilo halitoshi. Unahitaji jina la daktari mmoja, maelekezo yake yaliyoandikwa na kusainiwa kuhusu dawa, chakula na mipira, pamoja na makubaliano ya hospitali gani mtakayokimbilia na kwa gari la nani.

Nikupe mfano wa nyumba moja niliyofanya kazi. Mgonjwa alikuwa kama huyu wako, hamezi. Shangazi yake alifika kutoka mkoani, akamwona ndugu yake amekonda, akaingia jikoni mwenyewe, akapika uji laini wa ulezi, akaketi kitandani na kijiko. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mle ndani hakuna aliyethubutu kumzuia kwa sababu ndiye mkubwa wa ukoo. Uji ule ungeingia kwenye mapafu, na mtu wa namna ile nimonia humwondoa haraka. Sikumnyang'anya kijiko. Nilimwomba ashike bakuli kidogo, nikamweka mgonjwa wima, nikamgusisha ulimi kwa pamba yenye maji matone mawili tu, na shangazi akasikia mwenyewe sauti ya kukoroma kwa maji kooni, kisha kikohozi kile kisicho na nguvu. Akaweka bakuli chini. Baadaye nikamfundisha kumlisha kwa mpira: kuangalia kwanza kama alama ya mpira iko palepale puani, kuvuta kwa sirinji na kuhakikisha karatasi ya kupimia asidi inasoma 5.5 au chini yake, kuinua kichwa cha kitanda walau nyuzi 30, kumimina taratibu, kusafisha mpira kwa maji safi, na kutomlaza chali mpaka ipite nusu saa au zaidi. Kwa muda wote aliokaa pale, hakuna aliyemlisha mgonjwa kwa uangalifu kuliko yeye.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Hospitalini ndugu wanakuja saa ya kuona wagonjwa na wanaondoka. Nyumbani wewe ndiye uliyeingia kwao, na kila mmoja ana lake: mmoja ameleta mafuta ya kuchua, mwingine amesikia dawa ya mizizi, mwingine anataka dawa ya presha iachwe kwa kuwa leo presha imesoma vizuri. Usipoweza kuzungumza na watu wazima kwa heshima na bado ukashikilia msimamo wa kitaalamu, nyumba itakushinda hata kama una mikono ya dhahabu.

Tafuta daftari gumu, uligawe kwa tarehe, na kila unachofanya ukiandike na saa yake: presha, sukari, mkojo kiasi gani na rangi gani, amegeuzwa upande gani, dawa gani imetolewa, nani amemtembelea. Andika pia siku mpira wa mkojo ulipowekwa, kwa sababu ule wa kawaida hubadilishwa ndani ya wiki 4, na ule wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12, na nyumbani hakuna atakayekukumbusha. Kila jioni mwanafamilia mmoja asaini. Siku mambo yakiharibika, daftari hilo ndilo litakalozungumza kwa niaba yako, iwe mbele ya familia au mbele ya Baraza.

Kuhusu kulala hukohuko siku sita, ushauri wangu ni kwamba usikubali. Mgonjwa anayegeuzwa kila saa 2 hana usiku, na wewe huwezi kuwa macho siku sita mfululizo ukabaki salama kwake. Kama hali ya mzee inahitaji mtu usiku na mchana, familia iajiri watu wawili, au ikuajiri wewe mchana na ipate mhudumu aliyefundishwa kwa ajili ya usiku. Wakisema gharama ni kubwa, hapo umeshajua kwamba kile kinachoonekana kuwa mshahara mkubwa ni mishahara ya watu wawili iliyopunguzwa.

Afisa Rasilimali Watu, Dodoma

Naomba niongeze upande wa ajira, kwa kuwa wauguzi wengi huingia kwenye kazi za majumbani kwa maneno ya simu tu.

Familia inayokulipa mshahara ni mwajiri, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaihusu kama inavyomhusu mwenye kiwanda. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, kazi ya ziada inalipwa mara moja na nusu, kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, kuna saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Mpango wa kulala hukohuko kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kama ulivyouandika, unavuka mipaka hiyo kwa mbali sana, na ukigawa mshahara wanaoutaja kwa saa utakazokuwa kazini utaona kwamba kila saa yako inalipwa chini ya unavyolipwa sasa. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi kabla ya kuwajibu.

Mafao yanahitaji utulivu zaidi. Katika PSSSF wewe unachangia asilimia 5 na serikali inakuchangia asilimia 15 ya mshahara. Ukiajiriwa na mtu binafsi unahamia NSSF, mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi, ambako jumla ni asilimia 20 na mwajiri anaweza kukukata hadi nusu yake, kwa maana hiyo mchango kutoka mfukoni mwako unaweza kuongezeka mara mbili hata kama mshahara haujabadilika. Hapo ni pale mwajiri anapokubali kujisajili. Asipojisajili, huna mchango wowote unaoingia, na miezi yako 180 inasimama ilipo. Fika ofisi ya PSSSF ukiwa bado mtumishi, omba taarifa ya michango yako iliyochapishwa, na uulize kwa maandishi jinsi vipindi vya mifuko miwili vinavyounganishwa. Elewa pia kwamba fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyejiuzulu kwa hiari yake.

Jambo la tatu ni ajali kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unategemea michango ya mwajiri. Ukichomwa na sindano hospitalini unajua pa kukimbilia, na dawa za PEP, za kukukinga na VVU baada ya kuchomwa, unaanzishiwa papo hapo. Nyumbani zile saa 72 ambazo dawa hizo lazima zianze ndani yake zinaweza kupita watu wakijadiliana. Wekeni kwenye mkataba kituo utakachokwenda na nani atalipa, na familia inunue boksi la usalama la kutupia sindano.

Mwisho, kabla ya kujiuzulu muulize mwajiri wako kuhusu likizo bila malipo. Haitolewi kwa kila anayeomba, wala huwezi kuitumia kuajiriwa kwingine bila kusema ukweli, lakini kurudi serikalini baada ya kuacha kazi ni safari ndefu, na ni bora mlango huo uugonge ukiwa bado uko ndani.

Binti wa Mgonjwa, Arusha

Mimi si muuguzi. Mama yetu aliuguzwa nyumbani na nesi mpaka mwisho wa maisha yake, na naandika ili uone upande wa familia.

Sisi tunapomtafuta muuguzi tunakuwa tumechoka na tumeogopa. Hatujui kazi ya nesi inaishia wapi. Hakuna ubaya wa moyo mtu anaposema, dada, ukimaliza kwa mama naomba uwaangalizie watoto, ni kwamba hatujawahi kuambiwa. Nesi aliyemtunza mama alifika siku ya kwanza na ukurasa mmoja alioandika kwa mkono: haya ndiyo nitakayofanya, haya yatafanywa na dada wa nyumbani, haya yatafanywa na ninyi watoto. Kufua nguo na kuosha vyombo vya mgonjwa ilikuwa kazi yake, vya nyumba nzima haikuwa kazi yake. Kumwogesha mama ilikuwa kazi yake pamoja na mmoja wetu, ili mama asijione ameachwa kwa mgeni. Tulisaini, tukaubandika ukurasa ule jikoni, na ugomvi wa mambo hayo haukuwahi kutokea.

Jambo jingine ni gumu kulisema, lakini liseme mapema. Mama alipofariki tulikuwa kwenye msiba, na nesi wetu alibaki amesimama pale, hana mgonjwa na hana kazi, wala hakuweza kutuuliza habari ya mshahara katika hali ile. Bahati nzuri mkataba ulitaja malipo ya mwezi mmoja iwapo mgonjwa angefariki au kulazwa kwa muda mrefu, na kaka yangu alimlipa bila ya yeye kuomba. Mzee wenu ana kiharusi kizito. Familia yake haitapenda kulizungumza, ila ukiwaeleza kwa upole kwamba ajira yako inategemea pumzi ya mtu mmoja, watakuelewa.

Muuguzi wa Nairobi

Huku kwetu kazi hii imeenea sana, na wauguzi wengi huipata kupitia mawakala. Nawataja kwa sababu huenda nawe ukaifikiria njia hiyo badala ya kuajiriwa moja kwa moja na familia.

Uzuri wa wakala ni kwamba mgonjwa akifariki au akipona unapelekwa kwa mwingine, na ukiugua kuna mtu wa kushika zamu yako. Ubaya wake ni kwamba wakala huchukua sehemu yake katika kila anacholipa mteja, na wauguzi wengi hawajui mteja analipa kiasi gani. Uliza. Soma pia kipengele kinachokukataza kufanya kazi na mteja yuleyule bila wakala, kwa sababu baadhi yake hukufunga kwa muda mrefu baada ya kuondoka. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi na mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini nimekutana na wauguzi waliokaa nyumba moja wiki baada ya wiki bila siku hata moja, kwa kuwa wakala aliwaita wahudumu wa kujitegemea na si wafanyakazi. Angalia neno lililoandikwa kwenye mkataba wako.

Linda pia ujuzi wako. Ukikaa na mgonjwa mmoja mwaka mzima hutakosa kazi ya mikono, lakini hutakutana na dharura mbalimbali, dawa mpya wala mjadala wa asubuhi na madaktari. Mimi hushika zamu chache za lokamu, yaani za kujaza nafasi kwa muda, hospitalini kila mwezi, na mafunzo endelevu ninayohitaji ili kuhuisha leseni nayapanga mapema, kwa sababu hakuna muuguzi mfawidhi wa kunikumbusha.

Mkunga Mstaafu, Tanga

Mwanangu, nimesoma yote waliyokuandikia na sina la kupinga. Nitasema moja tu.

Umetuambia kinachokuchosha ni kuuguza kwa kukimbizana. Basi jiulize kama unakimbilia mgonjwa mmoja au unakimbia wodi, kwa kuwa nyumba zipo zitakazokuchosha zaidi ya wodi. Kabla hujaacha chochote, chukua likizo yako ya mwaka uliyonayo, na iwe kwa ruhusa ya mwajiri wako. Nenda pale Mbezi kutwa, ukalale kwako, ukamfundishe binti na dada wa nyumbani kumgeuza mzee, kumlisha na kumsafisha. Utaijua ile nyumba kwa jinsi watakavyokupa kiti na kwa jinsi watakavyokusikiliza ukisema hapana. Na watoto wako usiwasahau katika hesabu, maana bibi atawalisha na kuwapeleka shule, lakini umri wao huo haurudi.

Muuguzi wa Wodi, Dar es Salaam

Shikamoo mama, na asanteni sana nyote. Nimefanya ile hesabu ya saa, na kweli, kwa mpango waliouleta saa yangu moja ingelipwa pungufu ya ninavyolipwa wodini. Nimeichukua pia taarifa ya michango yangu PSSSF, na imebaki miaka michache kufikia miezi 180, michache kuliko nilivyodhani.

Barua sitaiandika sasa. Nimezungumza na binti wa mzee, nikamweleza kwamba siwezi kulala hukohuko, na kwamba pamoja nami au bila mimi wanahitaji daktari aliyekubali kupokea simu na watu wawili wa kupokezana. Hakukasirika. Aliuliza kama naweza kuwafundisha wakati wanatafuta muuguzi wa kudumu, nami nimeomba likizo yangu na ruhusa kwa muuguzi mfawidhi. Nikiruhusiwa nitaanza na godoro, kwa sababu wamemlaza mzee kwenye godoro la kawaida na visigino vimeanza kubadilika rangi.

Dada wa majumbani, nina swali moja la mwisho. Wana mashine ya kufyonza makohozi inayotumia umeme, na umeme kwao hukatika. Ninyi hufanyaje?

Nesi wa Majumbani, Dar es Salaam

Wanunue pampu ya kufyonza ya mguu au ya mkono, nayo ikae kando ya kitanda ikiwa imeunganishwa tayari na mpira safi, si kabatini. Ijaribuni mchana umeme ukiwepo, kila mmoja aitumie kwa kufyonza maji kwenye glasi, yule atakayekaa usiku awe wa kwanza. Visigino viinuliwe juu ya mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu ili vielee visiguse godoro, na usiruhusu mtu kuvisugua.